Sura ya Sita: Mwizi Hapiti Mlangoni

"Funga friji wewe, Luku inaisha!"

Kauli hii huikosi katika nyumba yenye friji, iwe Chang'ombe, Nkuhungu au Area D. Huambiwa mtoto aliyeganda mbele ya mlango ulio wazi huku akiwaza achukue nini. Huambiwa mpwa aliyekuja likizo kutoka Kondoa. Mgeni naye huambiwa, ila kwa kuzungushiwa maneno. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba kila mlango unapofunguliwa baridi humwagika, na baridi hiyo ni fedha.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Shida ni kiasi. Ukikaa chini na kalamu ukakadiria joto lote linaloingia katika friji ya kawaida kwa siku nzima hapa Dodoma, sehemu inayopitia mlango unaofunguliwa ni kama asilimia 6. Sura hii inazihusu zile asilimia 94 nyingine, ambazo hakuna anayezifokea.

Tuanze na kazi yenyewe. Friji haitengenezi baridi; inachota joto ndani na kulimwaga nje. Ukitaka ushahidi, peleka mkono nyuma yake kwenye ule wavu wa mabomba meusi, au ubavuni kama ni friji ya siku hizi ambayo mabomba yake yamefichwa chini ya bati. Utakuta pana fukuto. Joto lile ni la maziwa, la maji, la nyama na la hewa ya sebuleni iliyopenya, pamoja na joto la umeme uliotumika kulisukuma. Kompresa, lile kopo jeusi linalonguruma chini kwa nyuma, ni pampu ya joto na si kitu kingine.

Kwa hiyo maswali ni mawili tu: joto kiasi gani linaingia kwa siku, na pampu inahitaji umeme kiasi gani kulitoa. La kwanza unaweza kulijibu kwa futi ya fundi cherehani na karatasi.

Chukua friji ndogo ya mlango mmoja, ya lita 160 hivi, ile inayonunuliwa na watumishi wapya wanaohamia mjini. Ina kimo cha mita 1.2, upana wa nusu mita na kina cha nusu mita. Ukuta wake una unene wa sentimita 4, na ndani ya ukuta huo kuna povu gumu la poliurethani, lile la njano ambalo mafundi hulichimba wanapotafuta bomba linalovuja. Povu hili huzuia joto kuliko mbao, tofali au pamba, lakini halizuii kabisa. Likiwa na unene wa sentimita 4, kila mita moja ya mraba hupitisha karibu wati 0.6 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la nje na la ndani. Kuta zote za friji yetu, ukichukua wastani wa uso wa nje na wa ndani, zina mita za mraba 2.5. Zidisha, utapata karibu wati 1.5 kwa kila nyuzi. Ongeza kingo, mpira wa mlango, kona ya chini inayochomwa na kompresa, na kile kisanduku cha barafu ambacho ni baridi kuliko sehemu nyingine zote. Tuweke 1.8. Ni makadirio ya mezani, si ya maabara, lakini kwa kazi yetu yanatosha.

Hiyo 1.8 ndiyo namba ya kuishika katika sura hii. Friji ikishatoka kiwandani huwezi kuibadilisha kirahisi. Unachoweza kubadilisha ni namba inayozidishwa nayo, yaani tofauti ya joto, na hapo ndipo Dodoma inapoingia.

Mji huu uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana hufika nyuzi 31 na kupita. Juni na Julai usiku hushuka hadi 13 au 14, na watu hutoa makoti ambayo ndugu zao wa Dar es Salaam huyacheka. Ndani ya nyumba ya bati mwezi wa Novemba, ukichanganya mchana na usiku, tuseme wastani ni nyuzi 27. Ndani ya friji tunataka 5. Tofauti ni 22. Zidisha kwa 1.8, unapata wati 40.

Wati 40 ni ile taa ya zamani ya kioo, ikiwaka ndani ya friji yako usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, hata mkiwa mmesafiri wote kwenda msibani Mpwapwa. Kwa saa 24 hizo ni yuniti (kilowati-saa) 0.95 za joto. Mlango haujafunguliwa hata mara moja.

Sasa tuufungue. Hewa baridi ni nzito. Mlango ukiachwa wazi inateremka miguuni na hewa ya chumbani inachukua nafasi yake. Tukadirie kwa ukali: kila mlango unapofunguliwa, hewa yote ya lita 160 inatoka na nyingine inaingia, kana kwamba friji haina chakula ndani. Kwa mwinuko wa Dodoma na joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.02 hivi, kwa hiyo hewa iliyoingia ni gramu 163. Hewa ni kitu chepesi kupoza. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 31 hadi 5, pamoja na kuugeuza mvuke wake uwe matone, ni kilojouli 6 na kidogo.

Kwa mchana mkavu wa Oktoba, mvuke huo ni mdogo. Pwani hali ni nyingine. Hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba maji mengi, na maji hayo yakigeuka matone hutoa joto kuliko hewa yenyewe. Ni nzito zaidi pia, kwa kuwa ni ya usawa wa bahari. Mlango uleule ukifunguliwa Kariakoo unaingiza karibu kilojouli 11. Aliyehamia hapa na wizara yake na kushangaa kwa nini friji ileile haijazi barafu upesi kama kule Temeke, jibu ndilo hilo. Ninashuku kuwa hata hofu ya mlango ilianzia pwani, ikapanda bara pamoja na mizigo.

Mlango ukifunguliwa mara 40 kwa siku, jumla ni kilojouli 256, sawa na yuniti 0.07 za joto. Kuta zilikuwa 0.95.

Kundi la tatu ni vitu tunavyoingiza. Maji yana kiu ya baridi kuliko karibu kila kitu kilichomo jikoni: lita moja hutaka kilojouli 4.2 kwa kila nyuzi moja. Chupa za maji lita 6 kwa siku, kutoka nyuzi 27 hadi 5, ni kilojouli 553. Ongeza kilo tatu za mboga, maziwa na kiporo, na kundi hili linafika yuniti 0.22 za joto. Kilo tano za zabibu za Hombolo zilizokaa juani njiani na kuingia zikiwa na nyuzi 32 zinakaribia kulingana na hayo maji yote.

Halafu lipo sufuria la maharage. Kilo tatu za maharage zilizoepuliwa muda mfupi uliopita, zikiwa na nyuzi 80, zikaingizwa ndani kwa sababu watu wanataka kulala: kilojouli 830. Gawanya kwa 6.4 uone ni sawa na kuufungua mlango mara ngapi. Mara 130. Mtoto anayefokewa saa kumi jioni angelazimika kuufungua mlango kila dakika kwa zaidi ya saa mbili ndipo alifikie sufuria la mama yake. Maharage yaleyale yakiachwa yapoe hadi joto la chumba, yakiwa yamefunikwa, huingia na kilojouli 244 tu.

Tujumlishe siku isiyo na sufuria. Kuta 0.95, vitu 0.22, mlango 0.07: yuniti 1.24 za joto. Hizo si yuniti za Luku bado. Pampu ya joto ina tabia nzuri kwamba hutoa joto jingi kuliko umeme inaoutumia. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba kiwango chake cha juu kinaamuliwa na joto la pande mbili: upande unaochotwa na upande unaomwagiwa. Mabomba ya barafu yakiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na yale ya nyuma yakiwa 45, mashine kamilifu ingetoa wati 3.9 za joto kwa kila wati moja ya umeme. Kompresa ndogo ya nyumbani hupata kama asilimia 40 ya hapo, yaani wati moja na nusu. Gawanya 1.24 kwa 1.5 na utapata yuniti 0.83 kwa siku, au 25 kwa mwezi.

Tuziweke kwenye fedha. Kwa bei zilizoidhinishwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na mteja wa kawaida wa T1 hulipa 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, zinakuwa shilingi 122 na 356. Ndiyo maana elfu moja ya T1 hutoa yuniti 2.8. Friji yetu basi inakula shilingi 3,050 kwa mwezi kwa mwenye D1, na karibu 8,900 kwa mwenye T1. Watoto wakiongeza ufunguaji maradufu, kutoka mara 40 hadi 80, ongezeko ni yuniti 1.4 kwa mwezi: shilingi 170 kwa mmoja, 500 kwa mwingine. Ni bei ya ugomvi wa mwezi mzima.

Wapo wanaosoma kibandiko cha nyuma ya friji na kushtuka. Kinasema ampea 0.8, wanazidisha kwa volti 230, kisha kwa saa 24 na siku 30, wanapata yuniti 132. Kibandiko kinaeleza mkondo wa juu ambao waya unapaswa kuuhimili. Kompresa inapofanya kazi kwa kawaida huvuta wati 80 hadi 120, tena si muda wote. Hunguruma, hunyamaza, hunguruma tena. Friji yetu yenye kompresa ya wati 85 ingenguruma kwa saa 10 kati ya 24.

Usiniamini kwa maneno. Mita ya Luku ina kitaa chekundu kinachomweta, na pembeni pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, mbele ya "imp/kWh". Maana yake ni idadi ya mimweto kwa yuniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa friji, subiri ingurume, kisha hesabu sekunde kati ya mmweto na mmweto. Kwa mita ya 1000, sekunde 36 ni wati 100. Kwa mita ya 1600, wati 100 humweta kila sekunde 22 na nusu. Kisha andika yuniti zilizobaki kabla ya kulala, na uzisome tena alfajiri kabla ya yeyote kuwasha kitu. Tofauti yake ni friji ikifanya kazi mlango ukiwa umefungwa usiku kucha. Ni kipimo kizuri cha kuta, na hakihitaji fundi.

Na kwa kuwa tumefika usiku, tuzungumzie desturi ya kuizima friji watu wanapokwenda kulala. Nimeikuta kwa walimu, kwa askari, kwa wahasibu. Hoja yake inavutia: saa nane bila kompresa, theluthi ya siku, basi tumeokoa theluthi ya umeme. Lakini joto haliendi kulala. Kuta zinaendelea kulipitisha, na asubuhi friji lazima ilitoe lote. Kinachookolewa ni kidogo tu, kwa sababu kadiri ndani kunavyopata joto tofauti inapungua na kasi ya kuingia inapungua nayo.

Tufanye hesabu. Friji ina vitu vya kilo 15 hivi, ambavyo pamoja na plastiki na vyuma vya ndani vinahitaji kilojouli 75 kupanda nyuzi moja. Chumba usiku kina nyuzi 22. Ukiizima saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi ndani kutakuwa na nyuzi 13 na nusu. Joto ambalo lingeingia kama ungeiacha ikiwaka, ukitoa lililoingia kweli, ni yuniti 0.068. Gawanya kwa 1.5: umeokoa yuniti 0.045 za umeme, sawa na shilingi 16 kwa T1. Kwa mwenye D1 ni chini ya shilingi 6. Kwa shilingi hizo maziwa yamelala kwenye nyuzi 13, ambako vijidudu huzaliana vizuri.

Kwa Dodoma desturi hii ina kasoro ya ziada. Usiku ndio muda ambao pampu hufanya kazi kwa nafuu kuliko wakati wowote: hewa imepoa, mabomba ya nyuma yanamwaga joto bila kuhangaika, mlango haufunguliwi. Ukiizima, kazi hiyo unaihamishia asubuhi na mchana, jua likiwa juu ya bati. Zile shilingi 16 zinapungua tena.

Bati ndilo jambo lenyewe. Nyumba ya bati bila dari, saa nane mchana wa Novemba, ina paa linalomwaga joto kichwani mwako na kichwani mwa friji. Nyumba za zamani za Wagogo, tembe, zilijengwa kwa fikra tofauti: paa bapa la udongo juu ya magogo na fito, kuta za miti na udongo, mlango mfupi, vyumba vikizunguka zizi. Udongo ule mzito hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku, kwa hiyo ndani hubaki karibu na wastani wa siku. Tembe haikujengwa kwa ajili ya friji, na sidhani kama nitamshawishi mtumishi wa mji wa serikali, Mtumba, aijenge. Ila ukitafuta mahali pa kuweka friji katika nyumba yako ya tofali, tafuta chumba kinachofanana nayo: cha ndani, chenye dari, kisichokuwa na ukuta unaopigwa na jua la magharibi.

Faida ya mahali ni kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu inahesabiwa mara mbili. Friji iliyo jikoni karibu na jiko la mkaa, ambako wastani wa siku ni nyuzi 31, ina tofauti ya 26. Ihamishie chumba chenye wastani wa 26, tofauti inakuwa 21. Joto linalopita kwenye kuta limepungua kwa karibu moja ya tano. Wakati huohuo mabomba ya nyuma yanamwaga joto kwenye hewa baridi zaidi, pampu inapata nafuu ya asilimia 7 au 8. Ukianzia chumba cha baridi ukarudi jikoni, umeme wa kuta umepanda kwa theluthi moja. Hakuna mtoto wa kufungua mlango kiasi hicho.

Vumbi la Dodoma linaingia hapohapo. Kuanzia Julai upepo hauna aibu. Unalikuta kwenye chai, ndani ya kabati na kwenye nywele. Nyuma ya friji hujijenga kama blanketi juu ya mabomba, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, mabomba hayo tayari yana upungufu wa kitu cha kuyapoza. Mabomba yakipanda kutoka nyuzi 45 hadi 55, kile kiwango cha Carnot kinashuka kutoka 3.9 hadi 3.4, na bili inapanda kwa asilimia 15. Dawa ni brashi laini, friji ikiwa imechomolewa, na nafasi ya kiganja kati yake na ukuta.

Nimeusafishia jina mlango unaofunguliwa; mlango unaofungwa vibaya siutetei hata kidogo. Mpira ukikauka na kupasuka, jambo ambalo hewa kavu na mafuta ya kupikia hulisaidia, unabaki upenyo ambao haufungiki saa zote 24. Upenyo wa kupitisha theluthi moja tu ya lita ya hewa kwa sekunde huingiza wati 13, yaani yuniti 0.31 za joto kwa siku, zaidi ya mara nne ya ule ufunguaji wa mara 40. Bana noti kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Upitishe noti hiyo pande zote nne.

Kwamba mlango si mkosaji mkuu, Wamarekani walilijua kwa njia ya gharama kubwa. Katikati ya miaka ya 1970 friji mpya ya kawaida kwao ilikula karibu yuniti 1,800 kwa mwaka, yaani 150 kwa mwezi, mara mbili ya dari yetu ya D1. Jimbo la California lilianza kuweka viwango, serikali kuu ikafuata, na ilipofika 2001 friji mpya, iliyo kubwa zaidi, ilikula chini ya 500. Katika miaka hiyo Wamarekani hawakujifunza kufunga milango upesi. Viwanda vilinenepesha kuta, vikabadilisha povu, vikatengeneza kompresa bora.

Hilo lina maana kwa anayenunua friji ya mtumba iliyoshushwa bandarini kutoka Ulaya. Mbali na umri wake, tazama herufi za kundi la hali ya hewa kwenye kibandiko: N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya N katika jiko la bati mwezi wa Novemba hunguruma bila kupumzika na bado soda haipati baridi, kisha fundi anaitwa, anasema gesi imepungua.

Na pamoja na friji zote hizi, mtungi wa udongo haujapoteza kazi. Maji hupoa ndani yake kwa sababu yanayotoka jasho kwenye udongo hukauka na kuchukua joto, na hewa ikiwa kavu ukaukaji ni wa kasi. Mchana wa nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 35, kikomo cha upoaji huo ni nyuzi 19 au 20. Mtungi mzuri kivulini utafika 22. Dar es Salaam kikomo kiko karibu na 26, ndiyo maana mtungi wa pwani haufurahishi sana. Kuyapoza maji mtungini kwanza halafu kuyaweka friji kunaokoa kidogo mno. Kuyanywa kutoka mtungini, lita zote 6 zisiingie friji kabisa, kunaokoa yuniti 3 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya kile watoto wanachogombezwa.

Anayeona hesabu hizi kwa macho yake kila mwezi ni mama anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju. Kilo moja ya juisi yenye nyuzi 28 ikigandishwa hadi 10 chini ya sifuri inatoa kilojouli 470 hivi, nyingi kati yake zikiwa ni kule kuganda kwenyewe. Friza hutoa joto kwa shida kuliko friji, wati 1.2 kwa wati ya umeme, kwa kuwa inalichota mbali zaidi. Kilo 10 kwa siku, yaani vifuko 100 vya gramu 100, ni yuniti 1.1 za umeme. Kwa T1 ni shilingi 4 kwa kifuko. Ila kuta za friza, sentimita 6 hadi 7 za povu na tofauti ya nyuzi 47 kama iko kwenye kibanda cha bati cha uani, zinakula yuniti 0.78 nyingine kwa siku, ziuzwe barafu 100 au zisiuzwe. Siku ya watoto wa shule gharama hiyo ni chini ya shilingi 3 kwa kifuko. Siku ya baridi ya Julai, zikiuzwa 20, ni 14.

Kwa mwezi: yuniti 33 za kugandisha, 23 za kuta, na tuseme 24 za taa, televisheni, pasi na simu. Jumla ni 80. Kama mita yake ya nyumbani iko D1, yuniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150, na kila moja kati ya zile 5 inatozwa 350 kabla ya kodi, 427 baada yake, jumla 11,285. Akizidi kuvuka mwezi baada ya mwezi anahamishiwa T1, ambako yuniti zilezile 80 ni karibu shilingi 28,500. Akiitoa friza kibandani na kuiingiza chumba cha ndani ambacho wastani wake ni nyuzi 25 badala ya 29, kuta zinashuka hadi yuniti 20, na kugandisha hadi 31 kwa sababu pampu imepata hewa baridi zaidi. Ukijumlisha na 24 zilezile za ndani, inafika 75.